Nairobi Hadi New York: Umbali ni Ule Ule, Safari Si Ile Ile

Ndugu msomaji, chukua tufe la dunia kama lile linalotumika darasani, na uzi wa kushonea. Weka ncha moja ya uzi juu ya Nairobi na ncha ya pili juu ya New York, kisha uvute mpaka ukaze. Ukiupima uzi huo kwa kipimo cha tufe utaona kwamba kutoka mji mmoja hadi mwingine ni takribani kilomita 11,800. Anayeanzia Dar es Salaam ataongeza kilomita kama 600, zifike 12,400. Na kwa kuwa mzunguko wote wa dunia hii yetu ni kilomita 40,000, msafiri huyo atakuwa amepita zaidi ya robo ya dunia nzima.

Hesabu hiyo haibadiliki. Ilikuwa hivyo zama za majahazi, na ndivyo ilivyo leo. Lakini ukimwuliza mtu, "Ni mwendo gani toka hapa hadi Marekani?" hatakujibu kwa kilomita. Atakujibu kwa saa, au kwa nauli, au kwa taabu alizozipata katika kutafuta ruhusa ya kuingia. Naye atakuwa amesema kweli. Umbali baina ya miji miwili hupimwa kwa njia zaidi ya moja, na twapenda leo tuzitazame njia hizo, kwa maana safari hii ya Nairobi na New York imeingia katika historia ya watu wetu mara kadhaa, na kila mara ilikuwa na bei yake.

KWA NINI SAA KUMI NA TANO?

Tarehe 28 Oktoba, 1018 ingalikuwa ndoto. Tarehe 28 Oktoba, 2018 ilikuwa kweli. Usiku huo Shirika la Ndege la Kenya lilirusha ndege yake ya kwanza ya abiria kutoka Nairobi hadi New York bila kutua popote njiani. Kabla ya hapo, msafiri alilazimika kushuka njiani, mara nyingi katika mji wa Ulaya au wa Ghuba, akae akingojea ndege ya pili, na safari yake yote mara nyingi ikapita saa 20. Safari mpya ilipangiwa saa 15 kwa kwenda na saa 14 kwa kurudi.

Hapo wengi huuliza: imekuwaje njia moja, ndege moja, lakini kwenda kuwe na saa nyingi kuliko kurudi? Wapo wanaojibu haraka kwamba dunia inazunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo ndege inayokwenda magharibi mji huikimbilia, na inayokwenda mashariki mji huikimbia. Jibu hilo si sahihi, tena lingekuwa kinyume cha mambo yalivyo, maana safari ya magharibi ndiyo iliyo ndefu. Hewa inayotuzunguka huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Mtu aliyemo ndani ya gari moshi akirusha chungwa juu, chungwa humrudia mkononi. Haliendi kugonga behewa la nyuma.

Sababu ya kweli ni upepo. Juu sana, kiasi cha kilomita tisa hadi kumi na mbili kutoka ardhini, katika maeneo yaliyo mbali na ikweta upande wa kaskazini, kuna mito ya upepo ivumayo kutoka magharibi kwenda mashariki, na mara nyingi kasi yake hupita kilomita 160 kwa saa. Ndege iendayo New York huupokea upepo huo usoni. Irudiyo Nairobi husukumwa mgongoni. Mabaharia wetu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili. Wao tangu kale walijua kwamba safari ya kwenda na kaskazi si sawa na ya kurudi na kusi, na kwamba nahodha asiyejua majira ya pepo hana chombo.

Haya tufanye hesabu yetu wenyewe. Ndege kubwa za siku hizi huenda kiasi cha kilomita 900 kwa saa. Gawa 11,800 kwa 900: utapata saa 13 na dakika chache. Ongeza muda wa kutembea uwanjani kabla ya kuruka, wa kupanda angani polepole, na wa kushuka. Kisha ongeza upepo wa usoni kwa kwenda. Hapo ndipo zitokapo zile saa 14 na 15. Hakuna uchawi ndani yake. Mtoto wa shule ya msingi aweza kuikamilisha hesabu hiyo kwa kalamu ya risasi.

RAMANI YAWEZA KUDANGANYA

Jambo jingine ambalo huwashangaza wasafiri ni njia yenyewe. Anayetazama ramani ya ukutani hudhani kwamba ndege itaelekea magharibi, ivuke misitu ya Kongo, itokeze katika Bahari ya Atlantiki, kisha ikate kulia kwenda Marekani. Lakini rudi kwenye tufe, ukautazame ule uzi uliokazwa. Utaona kwamba unatoka Nairobi kuelekea kaskazini-magharibi, unapita juu ya Sudan Kusini na Chad, unalikata jangwa la Sahara nchini Algeria, unatokeza Morocco, na ndipo unapoingia baharini. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote. Ramani ya karatasi ni ganda la chungwa lililobandikwa juu ya meza: haliwezi kulala sawasawa bila kunyooshwa hapa na kuchanwa pale. Marubani nao hawaufuati uzi huo hatua kwa hatua. Hupinda huku na huku kwa sababu ya pepo, mawingu ya dhoruba, na anga za nchi zenye vita. Lakini uzi ndio msingi wa hesabu yao.

Nairobi yenyewe ina shida yake. Kiwanja chake cha ndege kimekaa juu ya uwanda ulioinuka, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam, na hewa nyepesi huyapa mabawa nguvu ndogo ya kuinua na injini nguvu ndogo ya kusukuma. Ndege ya aina ya Boeing 787-8, ambayo ndiyo iliyotumika kuanzisha safari hiyo, yaweza kuruka na uzito wa takribani tani 228 kwa ukomo wake, na matangi yake huchukua lita zipatazo 126,000 za mafuta. Mafuta hayo yakijaa ni uzito wa tani 100 hivi. Yaani katika safari ndefu, sehemu kubwa ya mzigo inaobebwa si watu wala mizigo yao, bali ni mafuta. Na sehemu ya mafuta hayo huchomwa kwa kuyabeba mafuta mengine. Ndiyo maana wapangaji wa safari hukaa na vitabu vyao vya hesabu, wakipima joto la siku, upepo, na urefu wa njia ya kurukia, kabla hawajasema ni abiria wangapi watakaopanda na shehena kiasi gani itakayobaki.

SAA ZA MIJI MIWILI

Kuna na hesabu ya saa, ambayo humkanganya hata msomi. Dunia hujigeuza nyuzi 15 kila saa moja. Nairobi iko nyuzi 37 mashariki ya mstari wa Greenwich, na New York nyuzi 74 magharibi yake. Jumla ni nyuzi 111. Gawa kwa 15, utapata saa saba na nusu hivi. Kwa desturi za serikali, tofauti hiyo huwa saa nane wakati wa baridi, na saa saba wakati wa joto, kwa kuwa Wamarekani hupeleka saa zao mbele kila mwaka, nasi huku hatuna haja hiyo.

Tuseme basi ndege imeondoka Nairobi saa tano usiku, wakati wa baridi ya Marekani. Baada ya saa 15 angani, Nairobi itakuwa saa nane mchana, watu wamekwisha kula. Lakini New York itakuwa saa kumi na mbili asubuhi, watu ndio kwanza wanaamka. Msafiri amekaa angani muda wa zamu mbili za kiwandani, naye saa ya ukutani yamwambia kwamba usiku mmoja tu umepita. Mwili hauamini saa ya ukutani. Utadai usingizi mchana na chakula usiku, na huchukua siku kadhaa kukubali nchi mpya. Wenye safari hiyo twawashauri wanywe maji kwa wingi, maana hewa ya ndani ya ndege ni kavu. Wainuke na kunyoosha miguu mara kwa mara, maana damu ikikaa kitako muda mrefu yaweza kuganda katika mishipa ya miguu. Na wasijipangie kazi nzito siku ile ya kufika.

Wala tusiwasahau wale ambao kwao saa hizo si safari bali ni kazi. Rubani hawezi kukaa kwenye usukani saa 15 mfululizo. Kwa hiyo hupandishwa marubani wa kupokezana, nao hulala kwa zamu katika vitanda vyembamba vilivyofichwa nyuma ya ukuta. Wahudumu nao hupokezana. Huku chini wamo mafundi waliokagua kila kokwa kabla ya ndege kuruka, wapakiaji wa mizigo, wapishi, wafagiaji, na waongozaji wa anga walioketi mbele ya mitambo yao usiku kucha. Abiria akishuka New York husema, "Ndege imetufikisha." Yafaa akumbuke kwamba ndege haijifikishi.

SAFARI ZILIZOTANGULIA

Sasa twaja kwenye vipimo vile vingine vya umbali, ambavyo havionekani juu ya tufe.

Mwezi wa Machi, 1955, mwalimu mmoja wa Shule ya Pugu, Julius Nyerere, alifika New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kwa niaba ya TANU, chama kilichokuwa na umri wa miezi minane. Nauli yake haikutoka katika hazina ya serikali; ilitokana na michango ya wanachama. Tarehe 7 Machi alisimama akaeleza kwamba watu wa Tanganyika wanataka nchi yao ihesabiwe kuwa nchi ya Waafrika na ielekezwe kwenye kujitawala. Alipewa ruhusa ya kukaa katika mitaa michache tu iliyolizunguka jengo la Umoja wa Mataifa, na kutakiwa kuondoka mara baada ya kusema. Mtu alikuwa amekatiza zaidi ya kilomita 12,000, kisha akaambiwa asivuke mitaa minane. Hapo msomaji ataona kwamba umbali wa mwisho, ule wa ruhusa, waweza kuwa mrefu kuliko bahari yote aliyoivuka. Aliporudi aliuacha ualimu, akaifanya kazi ya chama kuwa kazi yake.

Miaka minne baadaye njia hiyo ilipitiwa na kundi zima. Tom Mboya, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi vya Kenya, aliona kwamba nchi inakaribia uhuru bila ya wahandisi, waalimu wa vyuo na maofisa wa kutosha. Vyuo vya Marekani vilikuwa tayari kuwapokea vijana na kuwasomesha; lililowashinda vijana ni nauli. Kumnunulia kila mmoja tiketi yake lilikuwa jambo lisilowezekana. Basi, pamoja na rafiki yake Mmarekani, William Scheinman, wakafikiri kama wafanyakazi wafikirivyo: mmoja mmoja hatuwezi, pamoja twaweza. Wakakodi ndege nzima. Barua ya kuomba michango ilipelekwa kwa Wamarekani, nayo ilitiwa sahihi na mcheza besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, wote watu weusi wenye sifa kubwa nchini mwao. Huku Kenya, wazazi na majirani walichanga vijijini ili kijana aondoke akiwa na koti na fedha kidogo za kuanzia.

Mwezi wa Septemba, 1959, vijana 81 waliondoka Nairobi wakafika New York. Ndege za abiria za siku zile hazikuweza kuruka kilomita 11,800 kwa mkupuo mmoja. Ziliteremka njiani kujaza mafuta, na vijana wengi miongoni mwao walikuwa hawajapata kupanda ndege hata mara moja. Mwaka uliofuata, familia ya Kennedy, kwa njia ya mfuko wao wa hisani, ilitoa dola 100,000, na safari zikaendelea. Vijana wa Tanganyika na Uganda nao walikuwamo. Hadi kufikia mwaka 1963 karibu vijana 800 walikuwa wamevushwa.

Miongoni mwa waliokwenda mwaka 1960 alikuwamo binti kutoka Nyeri, Wangari Maathai, aliyepelekwa katika chuo cha mji mdogo wa Atchison, jimbo la Kansas. Alihitimu elimu ya viumbe mwaka 1964, akarejea nyumbani, akawafundisha akina mama kupanda miti, na mwaka 2004 akapewa Nishani ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Mboya mwenyewe hakuishi kuyaona hayo. Aliuawa kwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai, 1969, akiwa na umri wa miaka 38.

Tukiyaweka mambo haya pamoja, twaona kwamba kiti kimoja cha ndege mwaka 1959 kilikuwa na uzito usiopimika kwa tani. Kijana aliyekikalia alikuwa amebeba michango ya kijiji. Alijua kwamba hakwenda kutembea. Na ndiyo sababu swali walilomwuliza wazee wake uwanjani halikuwa, "Utafika lini?" bali, "Utarudi lini, na utarudi na nini?"

LILE LINALOBAKI

Leo hapana haja ya kukodi ndege nzima. Mamlaka za anga za Marekani zilikwisha kuthibitisha mwezi Februari, 2017 kwamba usimamizi wa usalama wa anga wa Kenya umefikia kiwango kinachotakiwa, na bila ya cheti hicho ndege ya Nairobi isingeruhusiwa kutua New York kwa jina lake yenyewe. Ilikuwa kazi ya miaka ya ukaguzi, mafunzo na ujenzi. Tauni ya Uviko-19 iliikatiza safari hiyo mwaka 2020, nayo ikarejea baadaye. Twaipongeza kazi hiyo.

Lakini hatuna budi kusema na lile lisilopendeza. Kutoka Nairobi hadi Dakar ni kilomita 6,200 hivi, karibu nusu ya mwendo wa New York. Hata hivyo si ajabu kumkuta Mwafrika anayetoka upande mmoja wa bara lake kwenda upande wa pili akitumia saa nyingi kuliko aendaye Marekani, akibadilisha ndege mara mbili, na pengine kupitia Ulaya au Ghuba. Serikali za Afrika zilikubaliana juu ya jambo hilo huko Yamoussoukro mwaka 1999, kwamba anga zifunguliwe baina ya nchi na nchi. Mwezi wa Januari, 2018, pale Addis Ababa, Umoja wa Afrika ulizindua soko moja la usafiri wa anga ili mapatano hayo yatendeke. Mapatano ni mema. Lakini mapatano hayana mabawa. Kila nchi hulinda shirika lake, kila uwanja una kodi yake, na anayelipa tofauti ni msafiri mnyonge: mfanyabiashara mdogo, mwanafunzi, na mtu aliyeitwa kwa msiba.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapoambiwa kwamba New York iko saa 15 kutoka Nairobi, kubali, maana ni kweli. Uliza pia: ni saa 15 kwa nani? Kwa mwenye nauli na ruhusa, ni hizo hizo. Kwa asiyekuwa navyo, mji huo ungali mbali kama ulivyokuwa kabla ndege hazijabuniwa. Wale waliotutangulia walilijua jambo hilo, ndipo walipochanga. Hawakuweza kuupunguza umbali wa dunia hata kwa kilomita moja, lakini waliupunguza umbali wa mtoto wa jirani kwa shilingi mbili mbili.

Nasi tunaosafiri leo kwa wepesi, na tunaowapeleka watoto wetu kusoma ng'ambo, tusiuache wepesi huo ukatusahaulisha lile swali la wazee pale uwanjani. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Safari ya kurudi ni fupi kwa saa nzima, na upepo uko mgongoni.